Boti ya okazyo na matundu yake: mafunzo ya Ziwa Tanganyika tangu 1858

KALEMIE, jimbo la Tanganyika – Mtu anayetafuta boti ya okazyo, yaani boti iliyokwisha kutumiwa na mwingine, mara nyingi huanza kwa kuuliza mota. Ina nguvu za farasi ngapi? Inakula petroli kiasi gani? Inawaka kwa mvuto wa kwanza? Bei inajadiliwa juu ya mota, na pesa zikikaribia kutoka mfukoni ndipo mnunuzi anainama kutazama tumbo la chombo, yaani mbao, chuma au faiba inayokaa ndani ya maji.

Historia ya Ziwa Tanganyika inasema huo ni utaratibu wa kinyume. Kwa zaidi ya miaka 150 vyombo vingi vilivyojulikana hapa vilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine: vingine vilikopwa, vingine viliagizwa na mtu wa mbali, vingine viliteka­wa vitani au kuinuliwa kutoka chini ya maji. Kila mara waliofaidika ni wale waliojua kulichunguza tumbo la chombo na kulirekebisha kwa subira.

Mashua iliyokosekana Kasenge

Mnamo Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji pamoja na wapagazi wao kutoka pwani. Walitaka kulizunguka ziwa, lakini hawakuwa na chombo cha kutosha. Mitumbwi ilikuwepo, ila mawimbi ya ziwa hili hayacheki na mtumbwi uliojaa mizigo. Wakasikia kwamba ng'ambo ya magharibi, katika kisiwa cha Kasenge, upande ambao leo ni wa Kongo, kulikuwa na mashua ya tanga ya mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim.

Mwezi Machi Speke akavuka ziwa kwa mtumbwi ili kuiomba mashua hiyo. Alipokewa vizuri, akapewa chakula na maneno mazuri. Lakini mashua bila mabaharia haiendi, na mabaharia wa Sheikh walihitajika kwa safari yake mwenyewe ya pembe za ndovu. Mgeni akaambiwa angoje karibu miezi 3. Akarudi Ujiji mikono mitupu, na Aprili wale wawili wakaenda Uvira kwa mitumbwi mikubwa. Huko wakaambiwa na wenyeji kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki.

Jambo moja la kushika hapa ni kwamba tangu zamani chombo kizuri katika ziwa hili ni adimu. Mwenye nacho hakiachi ovyo, na anayekihitaji huja kutoka mbali akiwa na haraka. Haraka ndiyo humfanya mnunuzi asitazame chini.

Meli iliyopigwa mbele ya Lukuga

Wakati vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, ziwa lilikuwa mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wajerumani walikuwa na meli mbili ndogo za moshi zenye silaha, Hedwig von Wissmann na Kingani. Wabelgiji walikuwa na meli moja ya kutajika, Alexandre Delcommune, yenye uzito wa tani karibu 90.

Tarehe 22 Agosti 1914, Hedwig von Wissmann ilikuja mbele ya Lukuga, hapa ambapo maji ya ziwa yanatoka kuelekea mto Kongo, ikaipiga Delcommune kwa mizinga. Meli ya Wabelgiji ikabaki kando ya maji, haiwezi tena kusafiri. Kwa tumbo moja lililotobolewa, Wajerumani wakashika ziwa lote kwa zaidi ya mwaka mmoja. Walikuwa wanapita watakapo, wanahamisha askari watakapo, na pwani ya Kongo ilikaa macho usiku na mchana.

Wabelgiji walikuwa na vipande vya meli nyingine kubwa zaidi, Baron Dhanis, lakini hawakuthubutu kuviunganisha wakati adui angeweza kuja kuipiga kabla haijaelea. Delcommune nayo haikutupwa. Baadaye ilirekebishwa, ikarudi majini na jina jipya: Vengeur, yaani Mlipiza Kisasi. Chombo ambacho wengi wangekiita chuma chakavu kikarudi kazini kwa kuzibwa na kufungwa upya.

Paka na Mbwa wapanda Mitumba

Msaada ulitoka Uingereza kwa njia ambayo hata leo ni ngumu kuamini. Mwindaji mmoja aliyeijua Afrika, John Lee, aliwaeleza wakubwa wa jeshi la majini kule London kwamba boti ndogo zenye mbio zingeweza kupelekwa ziwani kwa kupitia Afrika Kusini na Katanga. Wazo likakubaliwa mwaka 1915.

Hapakuwa na muda wa kuunda boti mpya. Wakachukua boti mbili za mota zilizokuwa zimeagizwa kwa ajili ya Wagiriki, katika kiwanda cha Thornycroft. Zilikuwa za mbao za mahogani, urefu wa futi 40, karibu mita 12, kila moja na mota mbili za petroli. Kwa wakati ule mbio zake zilikuwa za ajabu: karibu kilomita 35 kwa saa. Zikafungwa mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma.

Kiongozi wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakakataa. Akaleta majina mengine, Mimi na Toutou, ambayo kwa lugha ya watoto wa Kifaransa yana maana ileile. Hayo yakapita.

Boti ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume, kaskazini ya Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Hapo reli ikaisha. Kuanzia Agosti hadi Septemba zilivutwa porini zaidi ya kilomita 200, zikapandishwa milima ya Mitumba kwa mashine za moshi, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, hadi Sankisia. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa njiani. Kutoka Sankisia zilienda kwa reli fupi hadi Bukama, kisha zikateremka mto Lualaba wakati maji yamepungua, zikifungiwa mapipa matupu ili zisiguse mchanga. Kutoka Kabalo zikapanda treni tena kuja upande wa ziwa. Mwisho wa Oktoba zikawa zimefika.

Vitabu vimeandika majina ya boti hizo na ya maofisa wake, hata sketi ambayo Spicer-Simson alipenda kuvaa. Watu wa Katanga na wa Tanganyika waliokata miti, waliojenga madaraja, waliovuta kamba na kubeba maji ya mashine wakati wa ukame, majina yao hayakuandikwa. Bila wao Mimi na Toutou zingeozea Fungurume.

Anayejua kazi ya mbao ataelewa pia hatari iliyokuwa ndani ya safari hiyo. Boti ya mbao inapenda maji. Ikikaa nchi kavu kwa majuma mengi, juani, mbao zinanyauka na nafasi kati ya ubao na ubao zinafunguka. Misumari inalegea kwa kutikisika. Boti kama hiyo ikisukumwa ziwani siku moja na kupewa mzigo siku hiyohiyo, itakunywa maji kabla ya kuvuka. Ndiyo sababu boti iliyokaa muda mrefu nchi kavu huwekwa majini taratibu, ikiwa tupu, hadi mbao zivimbe na kujifunga zenyewe.

Hapa Kalemie boti hazikusukumwa ziwani mara moja. Kwanza ilijengwa bandari ndogo ya kuzikinga na dhoruba. Majuma yakapita. Ni katika siku za mwisho kabla ya Noeli ndipo Mimi na Toutou zilipowekwa majini.

Kingani yawa Fifi

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilitokea mbele ya pwani kupeleleza. Mimi na Toutou zikatoka nyuma yake. Mzinga wa Kingani ulikuwa unapiga mbele tu, na boti zile zenye mbio zikakaa upande ambao hauwezi kufikiwa. Baada ya dakika chache nahodha wa Kingani alikuwa amekufa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Waliobaki wakajisalimisha.

Meli iliyotekwa ililetwa bandarini ikiwa inavuja. Risasi ya mzinga ilikuwa imelitoboa tumbo lake, na ikakaa chini katika maji mafupi karibu na ufuko. Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kushangilia ushindi na kuiacha ioze. Ya pili ni kutazama: je, tundu ni moja au mengi? Mkuku wake, yaani mti au chuma cha katikati kinachobeba chombo chote, bado umenyooka? Mashine inaweza kufanya kazi?

Wakachagua njia ya pili. Kingani iliinuliwa, tundu likazibwa, meli ikapewa mzinga mkubwa zaidi uliotoka kwa Wabelgiji, na jina jipya: Fifi. Katika muda wa majuma machache meli ya adui ilikuwa inapeperusha bendera ya Waingereza.

Tarehe 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kutafuta habari za Kingani iliyopotea. Fifi na Mimi zikaifuata. Mimi ilikuwa na mbio, lakini mzinga wake ulikuwa mdogo. Fifi ndiyo iliyokuwa na mzinga wa kuzamisha, na ndiyo iliyoizamisha Hedwig. Majuma machache nyuma Fifi ilikuwa imelala kwenye matope na tundu ubavuni.

Meli iliyopakwa mafuta kabla ya kuzamishwa

Ilibaki meli moja ya Wajerumani, kubwa kuliko zote: Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70. Iliundwa katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku karibu 5,000 na kuletwa kwa meli na reli hadi Kigoma. Mafundi 3 kutoka Papenburg waliifunga upya, ikaingia majini Februari 1915.

Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaliyojaa askari wa Kongo wa Force Publique, yalikuwa yanaikaribia Kigoma, na ndege za Wabelgiji zilikuwa zimekwisha kurusha mabomu huko. Wajerumani wakaamua kuizamisha meli yao wenyewe isije ikatekwa. Lakini walioamrishwa kufanya hivyo walikuwa watu wa kazi. Waliipaka mashine mafuta mazito ili kutu isiile, wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Walifanya kama mtu anayeficha kitu ambacho atakirudia.

Hawakurudi. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua mara nyingine. Walikuta tumbo bado linafaa, na mashine, shukrani kwa yale mafuta, bado zinaweza kurekebishwa. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama bahari, na chuma ndani yake huliwa polepole zaidi. Mwezi Mei 1927 meli ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa.

Watu wengi wa pwani hii, wa Uvira na Fizi hasa, wanaijua Liemba kwa sababu nyingine. Mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Mobutu, ndiyo iliyotumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, kurudisha nyumbani wakimbizi Wakongomani zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mama aliyeshuka na watoto wake bandarini Uvira alikuwa ametoka ndani ya chombo kilichokuwa kimezama mara mbili. Kama mwaka 1924 mtu angesema "hiyo imeisha, nunueni mpya", historia ya watu hao ingekuwa na safari nyingine.

Tumbo kwanza, mota baadaye

Yote hayo yanamhusu nini mvuvi wa leo wa Moba, au mama anayetaka kuingiza pesa za likelemba katika boti ya kubeba unga na mafuta ya mawese? Yanamhusu sana. Mota ikizima katikati ya ziwa, watu wanashika makasia au wanangoja msaada. Tumbo likifunguka, hakuna cha kungoja. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na upepo wake wa ghafla unajulikana na kila mvuvi.

Ni kweli kwamba si kila ajali inatokana na chombo kuchoka. Mwezi Desemba 2014 boti Mutambala ilizama katika ziwa hili na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Sababu zilizotajwa zilikuwa upepo mkali na kupakia kupita kiasi. Lakini chombo chenye tumbo dhaifu kikipakiwa kupita kiasi, hatari hizo mbili zinashikana mikono.

Mafundi wa mbao wana utaratibu wao, nao unafanana na ule wa mwaka 1915. Boti ivutwe nje ya maji kabla bei haijakatwa. Ncha ya kisu ijaribiwe kwenye mbao za chini, hasa karibu na mkuku na mahali boti inapokokotwa juu ya mchanga. Kisu kikiingia kama katika muhogo uliooza, ubao huo ni wa kutolewa, si wa kupakwa. Rangi mpya inayong'aa kwenye boti ya zamani ni sababu ya kuuliza maswali zaidi. Misumari iliyotokwa machozi ya kutu nayo inasema kitu. Kama mbao ni nzima na zinavuja kwenye nafasi tu, hapo kazi ni ya kalafati: kutoa uzi wa zamani wote, kusafisha, na kusindilia pamba mpya yenye mafuta kwa patasi na nyundo, taratibu, ubao kwa ubao.

Boti ya chuma huchunguzwa kwa nyundo. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa. Mahali pa kutazama zaidi ni mstari ambapo maji na hewa vinakutana, na ndani chini ya sakafu ambapo maji machafu yanalala. Kipande kipya kichomelewe kwenye chuma kinene. Kikichomelewa juu ya chuma chembamba, kitatobolea pembeni.

Boti za faiba, na zile pikipiki za maji za kupandwa na mtu mmoja au wawili, zinachoka kwa namna yake. Kila zinapokokotwa ufukweni, mchanga unakula ngozi ya nje iliyo laini, hadi nyuzi za ndani zinaonekana. Hapo maji yanaingia polepole, boti inakuwa nzito, na mwenyewe anadhani mota imepoteza nguvu. Kosa la kawaida ni kubandika mastiki juu ya mahali palipolowa. Kazi ya kweli inaanza kwa kukausha siku kadhaa, kupiga msasa hadi sehemu nzima, kusafisha, kisha kuweka tabaka za kitambaa cha faiba na rezini, kila tabaka likilipita la chini yake kwa upana kidogo. Kama tundu limepita hadi ndani, liongezwe nguvu kutoka ndani pia.

Mwisho, chombo kilichorekebishwa kijaribiwe karibu na ufuko. Kipakiwe mifuko ya mchanga, kikae majini usiku mzima, na asubuhi mtu aangalie kimekunywa kiasi gani. Muuzaji mwaminifu hawezi kukataa usiku mmoja. Anayekataa amekwisha kujibu swali la mnunuzi.

Bei ya okazyo si ile inayotajwa ufukweni peke yake. Ni hiyo pamoja na mbao, pamba, rezini, siku za fundi na majuma ambayo chombo hakiingizi pesa. Anayeweza kuijumlisha yote na bado akaona faida, anunue. Delcommune, Kingani na Götzen zote zilionekana zimekufa, zikafufuka mikononi mwa watu waliohesabu kwanza matundu.